Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano yasifike Kariakoo

Mteja anayekunywa mtindi asubuhi katika mgahawa wa Kariakoo huangalia bei na ladha. Hana namna ya kujua kama ng'ombe aliyetoa maziwa hayo alichomwa sindano juzi. Anayejua ni mfugaji peke yake.

Ng'ombe akiugua kiwele hutibiwa kwa antibiotiki kama penisilini au oksitetrasaiklini, na sehemu ya dawa hutoka kwenye maziwa. Ndiyo maana kuna siku za kusubiri kabla ya kuyauza. Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta mabaki ya dawa katika maziwa yaliyokuwa yakiuzwa Dar es Salaam na Mwanza. Dawa ikiwa kidogo kidogo huua bakteria dhaifu na kuacha wale sugu wazaliane.

Wengi hujifariji kwamba maziwa yakichemshwa yamekuwa salama. Moto huua bakteria, hata walio sugu, lakini mabaki mengi ya dawa hubaki. Tena bakteria hurudi. Maziwa yaliyochemshwa vizuri yakimiminwa kwenye ndoo iliyosuuzwa kwa maji machafu, kazi yote imekuwa bure, na atakayeugua kwa bakteria sugu huenda asipone kwa dawa ya kawaida ya zahanati.

Mtengeneza mtindi anaifahamu hasara hii. Maziwa yenye dawa hayagandi vizuri, kwa kuwa dawa huua pia bakteria wazuri wanaogandisha. Lawama humwangukia mchuuzi, ambaye amechanganya maziwa ya wafugaji kadhaa na hajui mbovu ni ya nani.

Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Maziwa, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS. Hata hivyo, ukaguzi wa dukani hufika maziwa yakiwa yamekwishachanganywa. Kipimo kifanyike kwenye kituo cha kukusanyia, kabla ndoo ya mmoja haijamwagwa kwenye pipa la wote.

Lakini mfugaji mwenye ng'ombe mmoja, akiambiwa amwage maziwa ya siku kadhaa huku ada ya shule inadaiwa, atanyamaza tu. Wenye viwanda hawana budi kumlipa vizuri zaidi anayesema kweli, na vyama vya ushirika vitenge mfuko mdogo wa kufidia siku hizo. Hivi sasa anayekiri hurudishwa na ndoo yake nyumbani, na jirani yake anaona.