Jeni Isitangazwe Kupotea Bila Ithibati

Mtoto mwenye homa afikishwapo zahanati siku hizi, tone la damu yake hutiwa kwenye kipimo cha haraka, na jibu la malaria hupatikana kabla ya nusu saa. Vingi vya vipimo hivyo hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo hutengenezwa na kimelea hatari, Plasmodium falciparum. Lakini mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba katika bonde la Amazon, nchini Peru, vipo vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Kipimo husema mtoto ni mzima, naye hurudishwa nyumbani na malaria yake.

Maafa hayo hayako mbali nasi. Uchunguzi wa mwaka 2016 katika hospitali za Ghindae na Massawa, nchini Eritrea, ulivikuta vimelea hivyo kwa wagonjwa wengi, na nchi hiyo ikalazimika kubadilisha vipimo. Ethiopia, tunayopakana nayo, imevipata pia.

Basi ni jambo la kutia moyo kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu wanajifunza kusoma mfuatano wa DNA ya vimelea. Hata hivyo, ipo hatari ambayo mtambo, hata uwe wa bei gani, hauwezi kuiondoa. Jeni isipoonekana, huenda kweli haipo. Huenda pia damu ilikaushwa vibaya kwenye karatasi, au joto liliharibu DNA, au vimelea vilikuwa vichache mno. Majibu hayo yote hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Kwa hiyo, mtafiti asitamke kwamba jeni imepotea kabla ya kuonyesha kuwa jeni nyingine za kimelea hicho, kama vile msp1 na msp2, zimesomeka vyema katika sampuli iyo hiyo. Aidha, akumbuke kwamba mgonjwa mmoja aweza kubeba koo kadhaa za vimelea, na ukoo wenye jeni ukauficha ule usio nayo. Uchafu kidogo kutoka kichupa cha jirani nao huleta jeni mahali isipokuwapo. Ndiyo sababu kichupa cha maji matupu sharti kipitishwe hatua zote pamoja na damu, ijapokuwa wako wanaokiona kuwa ni ufujaji wa kemikali ghali.

Anayetaka kusoma DNA yote ana mtihani mwingine. DNA ya kimelea hiki ina herufi milioni 23 hivi, na ya binadamu bilioni 3. Chembe nyeupe za damu zisipochujwa mapema, fedha huishia kusoma siri za mgonjwa ambaye aliombwa idhini ya malaria tu.

Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri nchi ibadilishe vipimo iwapo wagonjwa wanaokosewa kwa sababu ya upotevu wa jeni wamezidi asilimia 5. Takwimu mbovu zaweza kuisukuma serikali kutupa vipimo vizuri, au kung'ang'ania vinavyoua.

Twawaomba wahadhiri wasipitishe tasnifu yoyote ya namna hii isiyo na matokeo ya kile kichupa cha maji, wala isiyoonyesha tarehe, mahali damu ilikotolewa, na dawa alizokwisha kunywa mgonjwa.