Tunajua kuzika walimu, kuwatunza hatujui

Wasikilizaji na wasomaji wetu, muko hapa Kalemie mjini, muko kambini, ao mumekwisha kurudi Nyunzu, Manono na Kabalo: leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya ndagala. Nina maneno machungu, na mimi mwenyewe yananigusa.

Tumezika mwalimu mmoja mzee wa shule ya msingi. Jina lake sitalitaja, jamaa yake hawakupenda. Lakini wengi wenu mutamjua: ni yule mzee wa kofia ya majani na baiskeli isiyo na breki, ambaye watoto wa kambini walimwita Kambo.

Kwenye matanga nilihesabu hotuba saba. Wakubwa walikuja na viti vyao vya plastiki, na karibu kila mmoja alisema tumepoteza maktaba. Mmoja alikumbusha yale Amadou Hampâté Bâ wa Mali aliyoyasema kule UNESCO mwaka 1960, kwamba mzee wa Afrika akifa ni kama maktaba imeungua. Watu wakatikisa kichwa. Mimi nilikasirika.

Nilikasirika kwa sababu moto hukuta watu wamelala. Huyu mzee hakutukuta tumelala. Maktaba yake ilikuwa wazi kila mchana, chini ya mwembe, bila kulipa hata franka moja. Tulipita pale na pikipiki zetu, tukapiga honi watoto watoke njiani. Leo tunalia kama vile hatukuwa na nafasi ya kuingia.

Tuseme wazi maisha yake yalivyokuwa. Alifundisha miaka zaidi ya makumi tatu. Siku moja ofisi ikamwambia umri umetosha, arudi nyumbani, afuate dosie yake ya pensheni. Aliifuata. Leo rudi kesho, kesho sahihi moja inakosekana, keshokutwa mkubwa amesafiri. Mke wake akauza ndagala sokoni ili wapate bukari na sombe. Pensheni haikumfikia. Kilichomfikia ni sanduku zuri, lililonunuliwa kwa mchango wa watu ambao hawakuwahi kumnunulia hata sabuni.

Halafu vita ya Baluba na Batwa ikawaka. Ninyi mulioikimbia munaijua kuliko mimi. Kufikia mwaka 2017 pembeni ya mji wetu palijaa vibanda vya majani na shitingi. Huko vijijini shule zilichomwa, na hapa mjini jamaa walilala ndani ya vyumba vya darasa kwa kukosa pa kwenda. Wakati wengi tulikuwa tunauliza nani amemchoma nani, huyu mwalimu alipanda baiskeli yake. Hakuwa na chaki wala kitabu. Alikuwa na hadisi.

Sikilizeni namna alivyofanya. Siku ya Jumanne alikaa na watoto wa Baluba. Aliwasimulia juu ya Kalulu na Kobe waliochimba kisima kimoja wakati wa jua kali. Maji yalipopatikana, kila mmoja akasema ni yake. Hadisi ilipofika pale ambapo wote wawili wameshika kamba ya ndoo, mzee alinyamaza. Akasimama, akapanguza suruali, akasema: "Mwisho wake mutaniambia ninyi. Mukaulize nyumbani." Watoto wakakimbia kwa mama zao. Siku ya Ijumaa alienda upande mwingine, kwa watoto wa Batwa, akawasimulia hadisi ileile, akawaachia palepale.

Juma lililofuata alirudi na mizigo. Kwa hawa alisema: "Watoto wa kule wanasema kisima kilimalizwa hivi. Ninyi munasemaje?" Kwa wale vilevile. Watoto ambao wazazi wao hawakuweza kupita njia moja walianza kujibizana juu ya kisima cha Kalulu, kupitia mdomo wa mzee mmoja na baiskeli mbovu. Siku moja mtoto wa upande mmoja alimuuliza: "Kambo, huyo aliyesema wanywe kwa zamu, anaitwa nani?" Kwa wiki nyingi nilikuwa nimehudhuria mikutano ya amani yenye chakula na maji ya chupa, na sijasikia swali zuri kama lile.

Wako watakaoniambia: mhami anataka unga, dawa na shitingi mpya, hadisi hazishibishi. Ni kweli, mtoto mwenye njaa hasikilizi vizuri. Lakini mutazame jioni pale kambini. Mtoto hakai bila kusimuliwa kitu. Kama mzee hamsimulii juu ya kisima, kijana mwenye simu atamsimulia juu ya nani aliua nani, nani tulipe kisasi, na sauti hiyo itatumwa kwa WhatsApp mpaka Manono kabla jua halijazama. Habari za chuki hazina likizo wala pensheni. Hadisi njema ndizo zenye kukosa mtu wa kuzibeba.

Tena si jambo la huruma tu, ni jambo la sheria. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema kwamba kwenye madarasa ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya taifa ao lugha ya mahali anapoishi. Sawa. Na nani ana maneno hayo? Ni wazee kama huyu. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bila malipo, na sisi wazazi tulishangilia, ni haki. Lakini madarasa yalijaa, na mwalimu mmoja anapambana na umati wa watoto. Upande mwingine kuna walimu wazee wanaong'ang'ania chaki hata macho yakiwa yamefifia, kwa sababu wanajua kurudi nyumbani ni kwenda kulala njaa. Wale waliokubali kurudi, tunawaacha wafe na maneno yao.

Na tusiseme kwamba kuhifadhi maneno ya wazee ni kazi ya Wazungu wenye mashine. Kwenye milima ya Marungu, hapa kusini yetu, alizaliwa Stefano Kaoze, Mtabwa, padri wa kwanza Mkongomani wakati wa Wabelgiji, aliyepewa upadri mwaka 1917. Hata kabla ya kuwa padri, alikuwa amekwisha kuandika kwa Kifaransa namna watu wake wanavyofikiri. Hakuwa na simu mfukoni. Sisi tunazo mbili mbili.

Sasa nifike kwangu. Mzee huyu aliniomba kitu kimoja tu: nije na kinasa sauti, nikae mchana mmoja, nipeleke kisima cha Kalulu kwenye redio ili watoto wa pande zote wasikie siku moja, saa moja. Nilimwambia nitakuja Alhamisi. Alhamisi kulikuwa na mkubwa anashuka uwanja wa ndege, nikaenda kurekodi hotuba yake. Alhamisi nyingine vilevile. Hotuba zile nimekwisha kuzifuta kwenye mashine, hakuna aliyeziuliza tena. Sauti ya mzee sina hata dakika moja. Kwa hiyo ninapowalaumu wenye ofisi, najilaumu na mimi.

Lakini kujilaumu hakulipi deni. Nasema hivi. Wenye dosie za pensheni wazisahihi mwenye jina angali anapumua, si mjane wake. Mashirika yanayolipa watu kwa kuongoza mikutano ya amani yamlipe na mzee anayeikalisha amani chini ya mwembe, maana hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Sisi wa redio tutoe nusu saa kila juma kwa hadisi za wazee, kwa Kiswahili, Kiluba, Kitabwa, Kiholoholo, Kibembe, bila kungoja mfadhili. Na ninyi jamaa muliofika kwetu, hata ninyi mulioshuka na mashua kutoka Fizi na Uvira, muko na wazee kibandani. Mutuletee majina yao.

Watoto wa kambi ile waliniuliza siku ya mazishi: mwisho wa kweli wa hadisi ya kisima ni upi? Sikuwa na jibu. Mzee hakuwahi kuusema. Nimewaambia nitauliza upande wa pili, na safari hii ninaenda kabla ya Alhamisi.