Kapkatet si ya kupita tu

Ukipanda matatu Kericho kwenda Sotik, utapita Litein, kisha Kapkatet, na kama wasee wengi utakuwa umeinamia simu. Chai umeshaiona, selfi umeshapiga. Kuna nini tena?

Kuna mengi. Karibu na Kericho iko Chagaik, bustani ya miti iliyoanzishwa na mkulima wa chai, Tom Grumbley. Mjini kuna Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa 2015. Hata asiye Mkatoliki akiingia chini ya paa lile hutulia.

Lakini kilichofichika zaidi hakina geti wala tikiti. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Malaibon, na ukoo wa Talai ukang'olewa kwenye vilima hivi, ukatupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Waliorudi wakati uhuru ukikaribia, wengi hawakupata ardhi. Hiyo stori hakuna anayeiposti akisimama katikati ya majani ya chai.

Walioiona kwa macho wamebaki wachache na wamezeeka sana. Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kutafuta maporomoko ya maji, kaa na kogo umrekodi kwa simu hiyo hiyo. Anza na rahisi: "Kap" kwa Kikalenjin ni nyumbani kwa fulani. Kapkatet ni kwa nani?

Nayo kaunti iweke vibao barabarani. Vya matangazo tunavyo tele.