Msiukate Wimbo wa Heloise Katikati



Wapendwa, kwa karne nyingi washairi na watunzi wa muziki wamekirudia kisa cha Abelard na Heloise wa Ufaransa. Mwaka 1717 Alexander Pope, mshairi Mkatoliki wa Uingereza, aliandika shairi kwa sauti ya Heloise akiwa monasterini. Mwaka 2002 Stephen Paulus wa Marekani alikifanya opera. Sipingi kisa hicho kuimbwa. Nawapinga wanaokiimba nusu, kana kwamba Kanisa ndilo lililokuwa kaburi la pendo lao.

Tusifiche aibu yetu. Abelard, mwalimu mashuhuri wa Paris, alimpenda mwanafunzi wake. Wakapata mtoto, wakafunga ndoa kwa siri. Fulbert, mjomba wa Heloise na kanoni wa Notre-Dame, alituma watu wamhasi Abelard usiku. Wote wawili wakaingia utawani, Heloise kwa amri ya mumewe wala si kwa wito. Naye hakudanganya: aliandika kwamba hata wakati wa Misa kumbukumbu za mapenzi zilimwandama. Anayetaka kuyafuta maneno hayo eti tusikwazike, anawanyima mwenzao waamini wanaolia kimya kimya katika mabenchi yetu.

Lakini anayeishia hapo ameukata wimbo katikati. Heloise huyohuyo, akiwa abesi wa Paraclete, alimwomba Abelard tenzi kwa ajili ya sala za masista wake, naye akamtungia zaidi ya 100. Mmojawapo, *O quanta qualia*, unaohusu Sabato ya mbinguni, ungali unaimbwa. Bali zile nyimbo za mapenzi alizomtungia hapo awali, zilizovuma kila mahali, hatuna hata mmoja tunaoujua kwa hakika. Tena Petro Mheshimiwa, abate wa Cluny, alimpa Abelard hifadhi alipokuwa amehukumiwa, na baada ya kifo chake mwaka 1142 akampelekea Heloise mwili wake. Huyo naye ni Kanisa!

Je, imani iliua wimbo? Aliyeomba tenzi zile alikuwa mwanamke ambaye bado alipenda. Hakungoja moyo upoe ndipo asali. Nawe mwenye moyo uliogawanyika, usingoje.

Enyi watunzi, tuimbieni machozi ya Heloise. Lakini msituache hapo. Tuimbieni pia tenzi alizoziomba.

Mungu awabariki.