Joto la kaskazi na wenye kisukari

Kaskazi ikianza kuvuma, mchana wa Dar es Salaam na Mombasa hupita nyuzijoto 30. Kwa mwenye kisukari jasho si kero tu: mwili ukikaukiwa maji, sukari hupanda. Kiu isikatwe kwa juisi ya miwa; maji yanatosha. Ufukweni avae viatu vya kufunika mguu, maana mguu uliokufa ganzi kwa kisukari hausikii mchanga unaounguza.

Linalotusumbua zaidi ni insulini. Kichupa kilichofunguliwa hakitakiwi kuzidi nyuzijoto 30, na si kila nyumba ina friji. Chungu cha udongo ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa, huipoza. Bibi zetu waliijua siri hiyo kwa maji ya mtungi. Kliniki ziwafundishe wagonjwa mbinu hiyo siku ileile wanapokabidhiwa dawa.