Acheni Tuviringishe Wali Wetu

Baba mkubwa ndiye aliyeanza. Niliweka picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: baba, mama, mdogo wangu na mimi tumezunguka meza, mikono imejaa wali. Akaandika, "Mmeshakuwa Wachina? Mchele wa Kyela umewakosea nini?" Wengine wakadakia. Utamaduni unapotea. Vijana wa siku hizi wanaiga kila kitu. Siku ile nilinyamaza. Leo najibu.

Shikamoo, baba mkubwa. Kwanza, sushi ni ya Wajapani. Pili, mchele ulikuwa huo huo wa Kyela, niliununua Mwanjelwa. Parachichi lilitoka Tukuyu. Samaki alikuwa mbasa wa Ziwa Nyasa, tena tulimbanika akaiva kabisa, maana samaki wa maji baridi akiliwa mbichi anaweza kukupa minyoo. Kigeni pale mezani kilikuwa karatasi za mwani tulizoagiza Dar zikaja kwa basi.

Na hao wanaoulilia utamaduni, jana walikula nini? Chapati asili yake India. Mahindi na maharage yalivuka bahari kutoka Amerika. Parachichi tunalojivunia Rungwe nalo lilitoka huko huko. Hata sushi yenyewe ilianza kama njia ya kuhifadhi samaki ndani ya wali uliochachuka, na parachichi liliongezwa Amerika ya Kaskazini katika karne ya 20.

Tuyaache ya historia, twende jikoni, maana ndiko ugomvi wetu ulipo.

Nyumbani kwetu kila chakula kina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke. Ndizi za mbalaga anamenya mama. Ugali nasonga mimi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka kumi na saba na alikuwa hajawahi kushika ungo. Tulijaribu kugawana kazi, tukashindwa. Baba akigusa mwiko, mama anamnyang'anya: "Hebu toka hapo, mzee wangu, utaniunguzia chakula." Naye anatoka mbio, moyoni anashukuru. Fundi akishakuwepo, nani atajisumbua kujifunza?

Kwenye sushi hatukuwa na fundi. Wali wa mama, ule unaochambuka punje kwa punje na kusifiwa kwenye harusi, ulikataa kushikana. Ikabidi tuongeze maji na kuacha mafuta mpaka tukapata bokoboko, wali ambao bibi harusi akiupika ukweni atasemwa mwaka mzima. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mkeka wa mianzi hatukuwa nao, tukatumia taulo la jikoni tulilolifunika kwa nailoni. Msokoto wa mama ukapasuka. Wa baba ukapasuka. Wa mdogo wangu ukashika, na mama akamuuliza, "Umefanyaje, mwanangu?"

Sijawahi kumsikia mama akimuuliza mtoto wa kiume namna ya kuandaa chakula. Ndiyo maana nilipiga ile picha.

Tangu hapo tunaviringisha Jumapili moja kila mwezi. Juzi juzi mama alikwenda Kyela msibani, akakaa siku nane, nami nilikuwa Iringa kikazi. Zamani angeitwa shangazi aje "kuwaangalia wanaume." Safari hii hakuitwa mtu. Baba alipika wali, akanitumia picha. Ulikuwa bokoboko. Waliula.

Kwa hiyo mnaposema utamaduni, semeni ni upi. Mbalaga bado tunaipika, na mama bado ndiye bingwa wake. Kilichopungua ni baba kukaa sebuleni akisubiri kumiminiwa maji ya kunawa. Kama hicho ndicho mnachokililia, kitajeni kwa jina lake tubishane vizuri.

Nanyi wasomi wenzangu msicheke bado. Nawajua mnaonunua mchele wa Kijapani kwa bei ya kutisha, mkajipiga picha mkiviringisha, huku dada wa kazi ndiye aliyekata tango na ndiye atakayesugua sufuria. Hapo mmebadilisha sahani tu; anayehudumiwa na anayehudumu ni wale wale.

Mtaniambia karatasi za mwani ni ghali. Kweli, sibishi. Pakiti ya karatasi kumi kwetu inaisha siku moja. Kama huna, viringisha kwa jani la kabichi lililochemshwa kidogo. Au usiviringishe kabisa. Tafuta chakula chochote ambacho hakuna hata mmoja nyumbani anayekijua, halafu wote mnawe mikono mwanze pamoja, na wote muoshe vyombo.

Baba mkubwa, Jumapili ya mwisho wa mwezi karibu Mbeya. Wali utakuta tumeshapika. Wa kwako utauviringisha mwenyewe.