Ukucha Kwanza
Jumamosi nilimkuta jirani akisugua mkwaruzo kwenye mlango wa gari lake kwa msasa mkavu, unga mweupe ukimdondokea miguuni, nikamshika mkono. Pitisha ukucha kwanza! Ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo umeishia kwenye kliya, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo kwa kawaida halizidi unene wa unywele. Hapo osha gari, liweke kivulini, sugua polepole kwa kompaundi ya kung'arishia na kitambaa laini, kisha paka nta. Usirudierudie, kila msuguo unakula kliya, na ikiisha hairudi. Ukucha ukinasa, kompaundi haitoshi. Chuma kikionekana, hasa huku pwani kwenye hewa ya chumvi, paka praima na rangi siku hiyohiyo.